Dawa ya Mwezi Mmoja, Siku Ngapi za Kazi?

Nyanya zikipanda bei sokoni, mnunuzi ana la kufanya. Atahamia meza ya pili, atapunguza fungu, au atapika mchicha siku hiyo na kungoja bei ishuke. Kwenye dirisha la duka la dawa hana hata moja kati ya hayo. Mama aliyebeba mtoto anayehema kwa pumu hawezi kusema atarudi Jumatatu. Dawa hakuichagua yeye, ameandikiwa na mtu mwingine, tena kwa mwandiko unaosomwa na wachache. Hajui kama ile ya kisanduku cha bluu na ile ya kisanduku cheupe ni kitu kimoja kwa bei mbili. Na anayemshauri achukue ipi ndiye huyohuyo anayemuuzia.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Siku hizi anaulizwa, na swali la kwanza ni kama ana pesa.

Kwa zaidi ya miaka 40 yamekuwapo mashirika yasiyo ya kibiashara yaliyojitwika kazi ya kusimama upande wa mnunuzi huyu. Hayana kiwanda wala bohari, na hayagawi hata kidonge kimoja. Yanahesabu, yanatangaza, na inapobidi yanakwenda mahakamani. Moja kati ya hayo, lililofanya kazi pia Afrika Mashariki, ni Health Action International, HAI kwa kifupi. Historia yake inafundisha jambo ambalo sisi tunaobishana kila mwaka kuhusu bima ya afya hulisahau: bei ya dawa haikuteremshwa kutoka mbinguni. Imepangwa na watu, hatua kwa hatua, na hatua hizo zinahesabika.

Kutoka maziwa ya kopo hadi vidonge

HAI ilikulia mikononi mwa watetezi wa walaji, watu waliozoea kukagua vyombo vya umeme na mizani inayopunja. Mwaka 1960 vyama vya walaji vya Marekani, Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji na Australia viliunda shirikisho lao la kimataifa. Mwanzoni lilijishughulisha zaidi na bidhaa za nchi tajiri. Mwelekeo ulibadilika mwaka 1978 lilipopata rais kutoka Malaysia, Anwar Fazal, mtu wa Penang. Fazal aliligeuza shirikisho limtazame mlaji wa nchi maskini, ambaye shida yake haikuwa friji ipi inadumu. Shida yake ilikuwa maziwa ya unga ya watoto, yaliyonadiwa hata kwa akina mama wasio na maji safi ya kuyakorogea.

Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mjini Geneva kanuni za kudhibiti utangazaji wa maziwa hayo. Nchi 118 ziliunga mkono, tatu zikajizuia kupiga kura, na moja tu, Marekani, ikapinga. Siku chache baadaye, katika jiji hilohilo, wawakilishi wa vikundi kutoka nchi 27 wakakubaliana kwamba kilichofanyika kwenye maziwa kifanyike na kwenye dawa. Hapo ndipo HAI ilipoanza.

Hawakuanzia patupu. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa limetoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, kama 200 hivi, likisema kwamba hizo zinaweza kukidhi mahitaji ya watu walio wengi. Soko la wakati huo lilijaa maelfu ya majina, mengi yakiwa dawa ileile iliyobadilishwa kisanduku, na mengine hayana faida yoyote kwa mgonjwa. Bangladesh ilipoamua mwaka 1982 kufuata orodha fupi na kuziondoa sokoni dawa zaidi ya 1,700 ilizoziona hazifai au zina madhara, ilibanwa huku na huku irudi nyuma. Mtandao huu mchanga wa walaji ulikuwa miongoni mwa waliosimama nayo.

Kipimo cha kibarua

Kwa miaka ishirini ya mwanzo watetezi walikuwa na malalamiko mengi na takwimu chache. Waziri aliyeambiwa kwamba dawa ni ghali aliweza kujibu kwa swali: ghali kwa nani, na kuliko wapi? Mjadala ukaishia hapo.

Mwaka 2003 HAI na WHO walitoa mwongozo wa kupima bei za dawa, na toleo la pili likafuata mwaka 2008. Njia yenyewe ni nyepesi. Watafiti waliofunzwa hutembelea vituo vya serikali, maduka ya dawa ya watu binafsi na, kwa nchi kama Kenya, Tanzania na Uganda, hospitali za misheni. Mkononi wana orodha moja: dawa ya pumu ya kuvuta, amoksilini, vidonge vya kisukari, vya shinikizo la damu, vya vidonda vya tumbo, vya maumivu. Kila dawa huangaliwa kwa sura mbili, yaani ile yenye chapa ya kampuni iliyoivumbua, na ile ya jeneriki, yenye kiini kilekile, iliyo nafuu kuliko zote dukani. Maswali nayo ni mawili. Je, leo ipo kwenye rafu? Na mgonjwa analipa kiasi gani?

Bei hiyo hulinganishwa na ile wanayolipa wanunuzi wakubwa wa kimataifa. Kisha hufuata hesabu inayoeleweka hata kwa asiyejua uchumi: mfanyakazi wa serikali wa kima cha chini kabisa angefanya kazi siku ngapi ili ailipie? Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, analipwa shilingi 10,000 kwa siku na dawa yake ya mwezi inauzwa 35,000. Siku tatu na nusu zimekwenda kabla hajanunua unga. Kama mkewe ana kisukari na mtoto ana pumu, siku zao zinajumlishwa juu ya hizo.

Kipimo hiki kina kasoro, na waliokitunga hawaifichi. Kibarua wa serikali, pamoja na unyonge wake wote, ana mshahara. Mvuvi wa Kilwa, mama ntilie wa Manzese na mkulima wa mahindi wa Kitale hawana. Kwao siku tatu na nusu za kwenye jedwali zaweza kuwa wiki nzima. Takwimu inayotoka ni ya upole kuliko hali ilivyo, na hata hivyo inatosha kumnyima waziri usingizi.

Kenya, Tanzania na Uganda zilifanyiwa tafiti za namna hii mwaka 2004. Ofisi ya HAI ya Afrika ilikuwa Nairobi, na Kampala kazi kama hiyo ilishikwa na HEPS-Uganda, shirika linalojitambulisha waziwazi kama la watumiaji wa huduma za afya. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuweka mezani bei ya Kampala, ya Nairobi na ya Dar es Salaam, zote zimepimwa kwa rula moja.

Cha juu kinavyopanda

Mwaka 2009 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha majumuisho ya tafiti hizo kutoka nchi 36 zinazoendelea na za kipato cha kati. Katika vituo vya umma, wastani wa upatikanaji wa dawa za jeneriki ulikuwa kati ya asilimia 29.4 na 54.4, kutegemea kanda ya dunia. Katika maduka binafsi, wagonjwa walilipa mara 9 hadi 25 ya bei ya kimataifa hata kwa jeneriki iliyo rahisi kuliko zote. Nyongeza ya wauzaji wa jumla ilianzia asilimia 2 ikafika 380. Ya maduka ya rejareja ilianzia asilimia 10 ikafika 552.

Kwa lugha ya mjini, hicho ni cha juu. Dawa hutoka kiwandani India kwa bei moja. Njiani huongezewa nauli ya meli, bima, gharama za bandari, ada za ukaguzi, faida ya mwagizaji, faida ya muuzaji wa jumla, na mwisho faida ya duka. Zipo nchi zinazoongeza na kodi juu yake. Baadhi ya nyongeza hizo zina sababu ya kweli, kwani kulifikisha katoni Namtumbo kunagharimu zaidi ya kulishusha Buguruni. Lakini mpaka mtu azihesabu moja baada ya nyingine, kila aliye kwenye mnyororo humnyooshea kidole mwenzake, na mgonjwa hulipia vidole vyote.

Tafiti hizo zilifichua pia udhaifu wa ahadi ya huduma bure. Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma Machi 2001, na watu wakamiminika. Hata hivyo, ada ikifutwa na rafu ikawa tupu, gharama huwa imevuka barabara tu na kuingia duka la upande wa pili. Sentensi "dawa hakuna, kanunue nje" inajulikana kuanzia Gulu hadi Lindi, na haionekani katika takwimu yoyote ya mapato ya hospitali.

Ndiyo maana mwaka 2009 watetezi wa nchi kadhaa za Afrika walianzisha kampeni ya pamoja dhidi ya uhaba wa dawa vituoni. Wanaharakati walikwenda zahanati kukagua kama dawa kumi muhimu zipo, wakatuma majibu kwa ujumbe mfupi wa simu, na majibu yakawekwa kwenye ramani kwa kutumia Ushahidi, programu iliyobuniwa Kenya wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ili kukusanya taarifa za raia. Wizara iliyokuwa ikisema dawa zimeshasambazwa ikawa inatazama ramani yenye alama za mahali zilipokosekana.

Bungeni na mahakamani

Takwimu peke yake haishushi bei. Lazima ipate mlango wa kuingilia, na katika kanda yetu mlango wa kwanza ulikuwa Bunge la Kenya.

Mwanzoni mwa karne hii, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, yaani ARV, ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka katika nchi tajiri. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ilijitolea kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Kilichobaki kizuizi kilikuwa hataza, yaani haki ya kampuni kuuza dawa peke yake kwa muda maalumu. Jijini Nairobi HAI, Madaktari Wasio na Mipaka, ActionAid na vyama vya watu waishio na VVU waliungana kudai sheria mpya. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 ikaruhusu dawa halali inayouzwa nafuu katika nchi nyingine inunuliwe huko na kuletwa Kenya.

Ushindi huo nusura uponyoke. Mwaka 2002 kifungu kilipenyezwa ndani ya mswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, kikimtaka mwagizaji apate kwanza idhini ya mwenye hataza. Watetezi walikiona, wakapaza sauti, na kikaondolewa. Hapa ndipo thamani ya shirika la kudumu inapoonekana. Maandamano hupita, ila kifungu kinachoingizwa kimyakimya huhitaji mtu ambaye kazi yake ni kusoma miswada ukurasa kwa ukurasa.

Miaka sita baadaye kazi hiyo ilihitajika tena. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 ilieleza neno bandia kwa upana uliotisha, kiasi kwamba dawa halali ya jeneriki ingeweza kukamatwa kama vile ni ya kughushi. Wakenya watatu waishio na VVU walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2009. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vilivyolalamikiwa, kwa kadiri vinavyozuia dawa nafuu, vinakiuka haki ya uhai, ya utu na ya afya zilizomo katika Katiba ya 2010, na kwamba haki hizo hutangulia maslahi ya wenye hataza.

Kusini mwa bara mapambano yalikuwa ya barabarani zaidi. Treatment Action Campaign ilianzishwa Cape Town tarehe 10 Desemba 1998, na mwenyekiti wake, Zackie Achmat, mwenyewe akiishi na VVU, aliapa kutomeza dawa hizo mpaka zipatikane kwa mwananchi wa kawaida. Mwaka 2000 alisafiri hadi Thailand akarudi na shehena ya jeneriki ya flukonazoli, dawa ya fangasi, iliyouzwa kule kwa chini ya randi mbili kidonge wakati nyumbani wagonjwa walitozwa makumi ya randi. Kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya dawa nafuu. Tarehe 19 Aprili 2001, mbele ya macho ya dunia, zikafuta kesi.

Lililobaki

Mgonjwa wa VVU wa leo, hapa Afrika Mashariki, anapata dawa bila kulipa. Jirani yake mwenye kisukari bado anahesabu.

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921. Wagunduzi walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao kwa dola moja kila mmoja, wakitaka isimilikiwe na mfanyabiashara mmoja. Karne moja baadaye, sehemu kubwa ya soko la dunia imo mikononi mwa kampuni tatu: Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi. HAI ilianza mwaka 2015 mradi mkubwa wa kufuatilia safari ya insulini kutoka kiwandani hadi kwa mgonjwa, na ikakuta kwamba bei ya chupa si mwisho wa mambo, kwani mgonjwa anahitaji pia sindano, vipimo vya sukari na mahali penye ubaridi pa kuitunzia. Hata Marekani, makao ya Eli Lilly, ilichukua hadi mwaka 2023 kwa wazee walio katika bima ya serikali kuwekewa kikomo cha dola 35 kwa mwezi, baada ya miaka ya shinikizo la wagonjwa na mashirika ya walaji.

Kwa nini ARV zikashuka na insulini ikasuasua? Sehemu ya jibu ni umoja wa wagonjwa. Sehemu nyingine ni kwamba ARV zilipata mlipaji mkubwa: Mfuko wa Dunia kuanzia 2002 na mpango wa PEPFAR wa Marekani kuanzia 2003. Watetezi waliishusha bei, wafadhili wakailipa. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wizara za afya za ukanda wetu zililazimika kuuliza swali lililoahirishwa kwa miaka ishirini: ankara hii ni ya nani?

Swali hilohilo linawahusu watetezi wenyewe. Vyama vya walaji vya Ulaya na Marekani hulipwa kwa kiasi kikubwa na wanachama na wasomaji wa majarida yao. Vya kwetu, kwa sehemu kubwa, huishi kwa ruzuku za nje, na mradi ukiisha mhesabuji huenda na daftari lake. Upo mtego mwingine mbaya zaidi: fedha za kampuni za dawa. HAI imejiwekea sharti la kutozipokea, na ilipochunguza vyama vya wagonjwa na walaji vilivyoruhusiwa kukaa meza moja na mamlaka ya dawa ya Ulaya, ilikuta vingi vinapokea fedha za sekta hiyohiyo. Msomaji akisikia kikundi cha wagonjwa kinapigia debe dawa fulani, ana haki ya kuuliza nani amelipia ukumbi.

Petroli ina bei, dawa je?

Zipo hatua ambazo mlaji anaweza kuzichukua mwenyewe. Aulize kama kuna jeneriki ya dawa aliyoandikiwa. Adai risiti yenye jina la dawa na bei. Akikosa dawa kituoni, alifikishe jambo hilo kwa kamati ya kituo, ambamo wananchi wana viti vyao. Hata hivyo itakuwa dhuluma kumbebesha mgonjwa, peke yake, mzigo wa kulisahihisha soko zima.

Serikali zetu tayari zinajua kufanya kazi hii, kwa bidhaa nyingine. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta Tanzania, mji kwa mji. Tarehe 14 ya kila mwezi mamlaka kama hiyo, EPRA, hufanya hivyo Kenya. Dereva wa bodaboda Songea anajua bei ya halali ya lita, na akiuziwa kinyume anajua pa kulalamika. Mama yake anayemeza vidonge vya shinikizo la damu kila siku hana tangazo la namna hiyo.

Wapo watakaosema kikomo cha bei kitakimbiza dawa vijijini, na hoja hiyo inastahili kusikilizwa. Lakini kutangaza si kuweka kikomo. Itoshe kuanza na dawa ishirini zinazotumiwa zaidi, bei yake ya kawaida kwa kila wilaya, na kando yake idadi ya siku za kazi za kima cha chini. Mtandao wa kukusanya taarifa upo: Tanzania ina Maduka ya Dawa Muhimu yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na sasa yameenea mikoani, yenye leseni na yanayokaguliwa, na kila duka lina simu. Tangazo libandikwe kwenye ubao wa zahanati na kusomwa redioni kama linavyosomwa la petroli. Duka linalotoza mara tatu ya jirani yake litajieleza kwa wateja wake, na wizara ambayo rafu zake ni tupu itajieleza kwa wabunge.

HAI na wenzake wameshaonyesha kwamba kazi hii inawezekana, tena kwa watu wachache wenye kalamu na orodha. Kuifanya iwe ya kudumu hakupaswi kungoja mfadhili mwingine. Kipengele kimoja katika bajeti ya wizara ya afya kinatosha, na wakati wa bajeti ijayo walaji wana kila sababu ya kuuliza kiko ukurasa gani.